Tuhesabu Miti Iliyoshika

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za haki na amani, wahamasishaji wa elimu ya uraia na viongozi wa vikundi vya kanisa, juu ya ujuzi wa kuongoza miradi



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo lisilo na mvuto wa mkutano wa hadhara. Mtu hapigiwi makofi kwa sababu ameandika daftari, wala sijasikia wimbo uliotungwa kwa heshima ya ratiba. Hata hivyo nimekubali mwaliko wenu bila kusita, kwa kuwa nimeona jinsi mambo mema yanavyokufia mikononi mwa watu wema. Hayauawi na polisi wala na fitina za wakubwa. Yanakufa kwa sababu hakuna aliyejua ni nani alipaswa kufanya nini, na kufikia siku gani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya maendeleo ya kanisa moja la mashambani. Tulikubaliana tuweke tangi la maji ya mvua, ili akina mama wapumzike na safari ya mtoni, na watoto wa chekechea wapate maji ya kunywa. Tukafanya harambee. Waliokuwa na pesa walitoa pesa. Wasiokuwa nazo walileta kuku na mayai, yakapigwa mnada baada ya ibada. Tangi la lita 10,000 likanunuliwa. Mgeni wa heshima akaja, utepe ukakatwa, sala ikasemwa, picha zikapigwa. Mvua za masika zikaja, zikanyesha vizuri, zikaisha. Siku moja mama mzee alifungua bomba la tangi lile, akangoja, kisha akaniita: "Mwanangu katibu, mbona tangi lenu lina kiu kuniliko mimi?"

Nilikwenda nikatazama juu. Paa halikuwa na mifereji ya kukinga maji na kuyaongoza tangini. Msimu mzima mvua ilikuwa imemwagika chini, hatua mbili kutoka kwenye tangi letu. Hakuna aliyeiba hata senti. Kila mwanakamati alidhani mwenzake ndiye aliyeagizwa. Nilipofungua kumbukumbu za mkutano, nilizoziandika kwa mkono wangu, nilikuta maneno haya: "Kamati itashughulikia mifereji ya paa." Kamati ndiyo nani? Kamati haina miguu ya kwenda kwa fundi, wala haina dhamiri ya kuisumbua usiku.

Tulikuwa tumehesabu tangi, hatukuhesabu maji. Hilo ndilo neno langu lote leo. Mengine nitakayosema ni maelezo yake. Mradi haupimwi kwa kilichozinduliwa. Hupimwa kwa kilichobaki kikiwafaa watu baada ya wageni kwenda zao.

Huenda mtu akauliza, jambo hili linahusianaje na mapambano ya mageuzi? Linahusiana sana. Tulipoukataa upigaji kura wa mlolongo wa mwaka 1988, tulipodai kifungu cha 2A, kilichotiwa katika katiba mwaka 1982 na kuifanya nchi iwe ya chama kimoja kwa sheria, kiondolewe, na kikaondolewa mwezi wa Desemba 1991, tulikuwa tukisema kwamba mwenye mamlaka hana budi kutoa hesabu kwa wananchi. Neno hilo halina mipaka. Likimfunga rais, linamfunga pia mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Na wale waliotucheka wakidai kwamba wanamageuzi wanajua kulalamika tu, hatuwezi kuwajibu kwa hotuba. Jibu lao ni tangi lenye maji.

Sasa niwakumbushe mradi mmoja ambao sote tunaufahamu kwa jina, ila labda hatujautazama kama somo la uongozi wa miradi. Tarehe 5 Juni 1977, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kwa heshima ya mashujaa saba wa jamii mbalimbali za nchi yetu. Huo ndio mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Kabla ya hapo Wangari alikuwa amejaribu mradi mwingine wa miche, na miche ikakauka kwa kukosa maji. Na katika ile miti saba ya Kamukunji, ni miwili tu iliyodumu. Tafakarini jambo hilo. Mwanamke aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, ambaye vuguvugu lake lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30, alianza kwa miche iliyokauka na miti mitano iliyokufa.

Ni nini kilichobadilika? Hawakupata tu pesa zaidi. Walijifunza kupanga kazi. Kazi ya kupanda miti iligawanywa katika hatua kumi zilizoandikwa, tangu kuunda kikundi hadi kukagua miti iliyopandwa. Wanawake wa vijijini, wengi wao wakiwa hawana cheti cha misitu, walifundishwana wao kwa wao. Na juu ya yote kulikuwa na kanuni ya malipo. Kikundi kililipwa senti chache kwa kila mche, lakini hakikulipwa kwa kuchimba shimo, wala kwa kupanda mbele ya kamera. Kililipwa kwa mche uliokaguliwa na kuonekana kwamba umeshika. Kwa kanuni hiyo moja, kila mwanamke alikuwa na sababu ya kurudi shambani kumwagilia maji, kuzungushia miiba na kufukuza mbuzi. Hawakuhitaji msimamizi wa kuwakemea, kwa maana kipimo chenyewe kilikuwa kinawasimamia.

Ndugu zangu, kutokana na mifano hiyo miwili, wa aibu yangu na wa fahari yetu, nataka nitoe mambo sita ambayo kiongozi wa mradi hana budi kuyajua.

La kwanza ni lengo. Mradi si sawa na kazi ya kila siku. Kuendesha ibada ni kazi ya kila siku. Kujenga ukumbi ni mradi. Mradi una mwanzo, una mwisho, na una kitu kinachoonekana unapokwisha. Ikiwa huwezi kusema utajuaje kwamba umemaliza, bado huna mradi, una matumaini. Maneno kama "kuinua hali ya vijana" na "kuhamasisha jamii" hayatoshi. Andika hivi: kufikia tarehe 30 Juni, vijana 40 wa parokia yetu watakuwa wamepata vitambulisho na kujiandikisha kuwa wapiga kura. Hapo adui na rafiki wote wanaweza kukuhesabia.

Wakumbukeni akina mama wa wafungwa wa kisiasa walioanza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, tarehe 28 Februari 1992. Hawakuja na orodha ndefu ya matatizo ya taifa, ijapokuwa matatizo yalikuwa tele. Walikuja na dai moja ambalo kila mpita njia aliweza kulielewa: wana wetu waachiliwe. Walijua majina ya wale waliokuwa gerezani. Dai hilo lingeweza kupimwa. Ama mwana amerudi nyumbani ama hajarudi. Hiyo ndiyo sababu serikali haikuweza kuwapoza kwa ahadi za jumla.

La pili ni gharama na wakati. Mmesoma katika Injili ya Luka, sura ya 14, habari za mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi anavyopaswa kuketi kwanza na kupiga hesabu, asije akashindwa kumaliza na kuchekwa na watu. Mara nyingi sisi huhubiri fungu hilo na kisha huenda moja kwa moja kwenye harambee bila kuketi.

Tuketi basi, tulichukue tangi letu. Paa la kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 lina eneo la mita za mraba 200. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, ni lita 2,000 za maji. Toa sehemu moja ya tano kwa yale yanayoruka na kupotea, zinabaki lita 1,600. Kwa hiyo mvua sita au saba za namna hiyo hujaza tangi la lita 10,000. Hesabu hii haihitaji shahada. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Inatuambia kama tangi tunalotaka kununua ni dogo mno au ni kubwa mno kwa paa letu, kabla ya kutoa hata shilingi.

Kisha tuhesabu siku, na tuzihesabu kwa kurudi nyuma. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi. Tuseme tunataka tangi liwe tayari kupokea maji tarehe 15 Machi. Tangi lililojaa lita 10,000 lina uzito wa tani 10 za maji, na litakalia jukwaa la zege. Zege huhitaji kumwagiwa maji kila siku kwa muda usiopungua siku saba, na tuipe takriban siku 28 ili ipate nguvu zake kabla ya kubebeshwa mzigo huo. Basi jukwaa limwagwe kabla ya katikati ya Februari. Ili limwagwe wakati huo, mchanga, kokoto na saruji viwe vimefika mwishoni mwa Januari. Ili vifike, pesa ziwe benki kabla ya Krismasi. Na ili pesa ziwe benki kabla ya Krismasi, barua za harambee ziandikwe Novemba. Mnaona? Mradi wa mvua ya Machi huanza Novemba. Anayeanza Machi amechelewa tayari, hata akifanya kazi usiku na mchana.

Katika kuhesabu hivyo utagundua kwamba kazi nyingine zinangojana, na nyingine zinaweza kwenda pamoja. Tangi haliwezi kuwekwa kabla ya jukwaa kukauka. Lakini fundi wa mifereji ya paa hana haja ya kungoja jukwaa. Anaweza kuwa juu ya paa wakati zege inakauka chini. Kiongozi mzuri huzijua zile kazi ambazo zikichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Hizo ndizo anazoziulizia kila asubuhi. Nyingine anaweza kuziulizia Jumapili.

La tatu ni kugawa kazi. Kitabu cha Nehemia kinatupa mfano ulio bora. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano siku ile ile. Alitoka usiku pamoja na watu wachache akaukagua ukuta uliobomoka, ili ajue ukubwa wa kazi. Baadaye, ukisoma sura ya tatu, utakuta orodha ambayo wengi wetu huiruka kwa kuiona inachosha: fulani na wanawe walijenga lango hili, na karibu nao fulani akajenga kipande kile, kila mmoja mbele ya nyumba yake. Sura hiyo ni orodha ya kazi. Kila kipande cha ukuta kina jina la mtu. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, adui wakiwa wanadhihaki na kutishia.

Jifunzeni kuandika hivyo. Kila kazi iwe na jina moja, si majina matatu, na iwe na tarehe moja. Wasaidizi wanaweza kuwa kumi, lakini wa kuulizwa awe mmoja. Makanisa na mashirika yetu yalilijua jambo hili mwaka 1997, wakati Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia yalipoungana kutazama uchaguzi mkuu wa Desemba. Watazamaji zaidi ya 20,000 walipelekwa vituoni kote nchini. Umati wa namna hiyo hauongozwi kwa ari peke yake. Ni lazima kila mmoja afundishwe, ajue kituo chake, ajue cha kuandika, na ajue ataipeleka taarifa yake kwa nani. Mtazamaji mmoja aliyejaza fomu yake vizuri ana manufaa kuliko mia waliozunguka mji wakiwa na hasira.

La nne ni pesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu uhuru wa mwaka 1963 neno harambee limetujengea shule na zahanati nyingi mno, nasi tunalienzi. Lakini tunajua pia jinsi lilivyogeuzwa kuwa jukwaa la wakubwa kununua heshima, huku mwalimu na mkulima wakilazimishwa kuchanga na hakuna aliyethubutu kuuliza pesa zilikwenda wapi. Ndiyo maana mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwawekea maafisa hao mipaka katika michango hiyo. Lakini sheria ya nchi haitalinda sanduku la kanisa ikiwa sisi wenyewe hatulilindi.

Mambo ya kufanya ni machache, na yanajulikana. Pesa zihesabiwe na watu wawili au zaidi, papo hapo, mbele ya macho. Anayetoa shilingi kumi apewe risiti sawa na anayetoa elfu kumi. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu, na isiwezekane kwa mmoja kutoa peke yake. Anayetunza pesa asiwe ndiye anayenunua vifaa. Kabla ya kununua kitu kikubwa, pateni bei kutoka kwa wauzaji watatu, kwa maandishi. Tengeni sehemu kama moja ya kumi ya bajeti kuwa akiba ya dharura, kwa sababu bei ya saruji haingoji kikao chenu. Na kila mwezi, bandikeni hesabu kwenye mlango wa kanisa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwenye daftari wazi hamwogopi mnafiki wala mkaguzi. Msidhani kwamba kumdai ndugu risiti ni kumtukana. Ni kumlinda, ili kesho asisingiziwe.

La tano ni kuona hatari kabla haijafika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanzoni kabisa mwa mradi, kaeni mkajiulize: ni mambo gani matano yanayoweza kutuangusha, na kila moja likitokea tutafanya nini? Fundi akiugua? Ahadi za wafadhili zisipotimia? Chifu akikataa mkutano? Andikeni jibu wakati akili zenu zimetulia, maana siku ya dhoruba si siku ya kutafuta kamba.

Tarehe 3 Machi 1992 polisi waliwavamia akina mama katika bustani ya Uhuru kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na Wangari Maathai akapigwa hadi akapoteza fahamu. Mgomo ungekwisha siku hiyo. Lakini Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo karibu na bustani hiyo, lilifungua milango yake, na akina mama wakaendelea na kesha lao humo kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993, takriban wote waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa. Mahali palibadilika, lengo halikubadilika. Hilo ni somo la hatari: shikeni lengo kwa mkono wa chuma, na njia kwa mkono mwepesi.

Nitaje sasa jambo chungu, kwa maana tukiliogopa hatutajifunza. Chama cha FORD, kilichoanza kama vuguvugu mwezi wa Agosti 1991, kilibeba matumaini ya mamilioni ya Wakenya. Kabla ya mwaka 1992 kwisha kilikuwa kimepasuka na kuwa FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa ni jinsi ya kumchagua mgombea wa urais: je, wajumbe wamchague mkutanoni, au wanachama wote wampigie kura? Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, na nyingi zilizobaki ziligawanywa baina ya Matiba, Mwai Kibaki na Odinga. Sisemi kwamba mgawanyiko ndio uliokuwa sababu pekee. Uwanja haukuwa sawa, na damu ilikuwa imemwagika. Wala sisemi kwamba kanuni iliyoandikwa huondoa tamaa mioyoni mwa watu. Nasema tu kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwamba kanuni ya kuamua ugomvi ni lazima iandikwe na kukubaliwa kabla ya ugomvi kuzuka. Ugomvi ukishazuka, kila kanuni itaonekana kuwa hila ya upande mmoja.

Kwa hiyo katika mradi wenu, hata ukiwa wa kufuga kuku 50, andikeni mapema: nani ana neno la mwisho kuhusu pesa? Nani anaweza kumwondoa mwenyekiti, na kwa kura ngapi? Mwanachama akijitoa, mchango wake unarudi au haurudi? Karatasi hiyo huokoa urafiki.

La sita ni kufuatilia na kumaliza. Kila wiki, kamati ikutane kwa muda mfupi, nusu saa yatosha, na kila mwenye kazi aseme mambo matatu: nilichofanya, kilichonikwamisha, ninachohitaji. Asiulizwe "mambo yanaendeleaje?" kwa sababu jibu la swali hilo daima ni "vizuri". Aulizwe: "Mifereji imefungwa mita ngapi?" Habari mbaya ziletwe mapema, na anayezileta asiaibishwe. Katika utawala wa kiimla watu humficha mkubwa habari mbaya hadi nyumba inapoanguka. Tusiulete utamaduni huo ndani ya kamati zetu.

Na siku ya mwisho wa mradi isiwe siku ya utepe. Iwe siku ya kukabidhi. Nani ataosha tangi kabla ya kila msimu? Bomba likivunjika, pesa za bomba jipya zitatoka wapi? Kisha rudini baada ya miezi mitatu, na tena baada ya miezi sita, mkague kama walivyokagua akina mama wa Ukanda wa Kijani. Andikeni kilichoshika, na andikeni pia kilichokufa na sababu yake. Taarifa isiyo na kosa hata moja ni taarifa ya kutiliwa shaka.

Ndugu wapendwa, nikielekea kumaliza, nataka niwaonyeshe jinsi mambo haya yanavyoturudisha kwenye mapambano makubwa. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 inampa kila raia, katika Ibara ya 35, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 201 inataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa aliyeombwa habari atoe uamuzi wake katika muda usiozidi siku 21. Watu walifungwa na wengine wakafa ili maneno hayo yaandikwe. Lakini haki hizo ni kama jembe ukutani, hazilimi zenyewe.

Mtu aliyewahi kuongoza mradi wa tangi la kanisa ndiye anayejua cha kuuliza kuhusu mradi wa maji wa kaunti. Hatakwenda ofisini kupiga kelele kwamba wanakula pesa. Ataandika barua fupi yenye tarehe, akiomba aonyeshwe mkataba, bei iliyokubaliwa, tarehe ya kumaliza na jina la mkandarasi. Kisha atahesabu siku 21. Atakwenda kwenye kisima akiwa na saa na ndoo, apime kama maji yanatoka. Afisa mwenye kazi safi atamheshimu mtu wa namna hiyo, na mwenye kazi chafu atamwogopa. Tofauti ni hii: wa kwanza ana lalamiko, wa pili ana hesabu. Lakini yeye mwenyewe akiulizwa hesabu ya kanisa lake na akashikwa na kigugumizi, barua yake haina uzito.

Naomba kila kikundi kilichowakilishwa hapa kiondoke na kazi moja. Kabla ya Jumapili ijayo, chukueni mradi mmoja tu mlio nao, mchukue karatasi moja, mwandike majibu ya maswali sita. Tutajuaje kwamba tumemaliza? Itagharimu kiasi gani, na itachukua siku ngapi tukihesabu kutoka mwisho? Jina la nani liko mbele ya kila kazi? Nani anashika daftari, na nani analikagua? Ni hatari zipi tano, na majibu yake ni yapi? Nani atarudi kukagua baada ya miezi mitatu? Penye swali lisilo na jibu, hapo ndipo mifereji ya paa lenu ilipokosekana. Isomeni karatasi hiyo mbele ya waumini, mwibandike mlangoni, mkubali kuulizwa.

Nanyi mliotaka kujua mwisho wa lile tangi: tulimwandika mtu mmoja, jina lake na tarehe, na mifereji ikafungwa kabla ya mvua za vuli. Hatukumwalika mgeni wa heshima. Yule mama mzee alikuja na ndoo yake, akaijaza, akaniangalia, akasema, "Sasa hili ni tangi."